Kubana Video Bila Kupoteza Ubora: Namna Taarifa ya Umma Inavyoweza Kumfikia Mwananchi wa Iyula kwa Gharama Ndogo

Taarifa nyingi za Serikali siku hizi hazisomwi tu, bali pia hutazamwa. Tangazo la msimu wa mauzo ya mazao, maelekezo kuhusu chanjo, utaratibu wa kujiandikisha au wa kulipia huduma huandaliwa kwa njia ya video na kuwekwa katika tovuti na kurasa rasmi za taasisi za umma. Njia hiyo ina manufaa yake. Asiyesoma vizuri husikia, anayetilia shaka humwona kiongozi akizungumza, na jambo linalofanywa kwa mikono huonekana likifanyika.

Hata hivyo, video ina gharama ambayo tangazo la karatasi ubaoni halina. Katika Kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kama ilivyo katika kata nyingi za vijijini nchini, mwananchi anayetazama video kwa simu yake hulipia kila megabaiti kutoka katika bando alilonunua. Pale mawimbi ya mtandao yanapokuwa dhaifu, hulipa pia kwa muda wake na kwa chaji ya simu yake. Kwa mwananchi huyo, tangazo lisilofunguka halina tofauti na tangazo ambalo halijatolewa.

Suala hili si la mafundi peke yao. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuitekeleza haki hiyo. Video ya umma iliyoandaliwa kwa uzito usiobebeka inamwacha nje mwananchi yuleyule aliyekusudiwa. Makala haya yanaeleza video hubanwaje, ubora wake hulindwaje, na maandalizi yapi yanamwezesha mkazi wa Iyula kuona kinachooneshwa bila kumaliza bando lake.

Dakika tatu zina uzito gani?

Video ni mfululizo wa picha zinazopita haraka kiasi kwamba jicho huona mwendo. Kila picha huitwa fremu, na kila fremu imeundwa kwa nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Katika kiwango kinachojulikana kama 1080, fremu moja ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani pikseli 2,073,600. Kila pikseli huhitaji baiti tatu ili kutunza rangi yake, na kwa fremu 30 katika sekunde moja, video isiyobanwa hufikia takriban megabaiti 187 kwa kila sekunde. Tangazo la dakika tatu lingekuwa na gigabaiti 33 na zaidi. Simu nyingi za kawaida zingepata shida kulipokea.

Ndiyo maana simu au kamera hubana video papo hapo inaporekodi. Simu inayorekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde hutoa faili la takriban megabaiti 382 kwa dakika hizo tatu. Hicho ni kiwango kizuri kwa kuhariri na kuhifadhi, lakini bado ni kizito kwa kutazama mtandaoni. Mwenye bando la gigabaiti moja angelitazama tangazo hilo mara mbili tu na kubakiwa na salio lisilotosha mara ya tatu. Endapo mtandao unampatia megabiti moja kwa sekunde, angesubiri takriban dakika 51 kulipakua.

Tangazo hilohilo likiandaliwa kwa kiwango cha 720, picha zikitengewa megabiti moja kwa sekunde na sauti kilobiti 64, faili huwa na takriban megabaiti 24. Likiandaliwa kwa kiwango cha 480, picha zikitengewa kilobiti 500 na sauti kilobiti 48, huwa na takriban megabaiti 12. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifikii hata megabaiti moja. Gigabaiti moja ambayo haikutosha kutazama faili la awali mara tatu sasa inatosha kutazama toleo la 720 zaidi ya mara 40, na toleo la 480 zaidi ya mara 80.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini video husimama kila baada ya sekunde chache. Toleo la 720 linahitaji megabiti 1.064 kwa sekunde. Mtandao ukitoa megabiti moja, simu hupokea pungufu kidogo ya inachoonesha, hivyo hulazimika kusimama na kusubiri. Toleo la 480 linahitaji kilobiti 548 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wa mtandao huo, nalo hupita bila kusita.

Video hubanwaje?

Kubana video kunafanana na kukoboa kahawa. Kinachoondolewa ni ganda, kinachobaki ni punje. Mashine ikikazwa kupita kiasi, punje nazo huvunjika. Programu ya kubana hutafuta ganda katika sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni marudio kati ya fremu na fremu. Afisa kilimo anapozungumza mbele ya shamba la kahawa, mibuni iliyo nyuma yake haibadiliki kutoka fremu moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni midomo, macho na mikono yake. Programu huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika tu kilichosogea na kilikosogea. Baada ya sekunde chache huhifadhi tena fremu kamili, ili mtazamaji anayeanzia katikati apate pa kuanzia.

Sehemu ya pili ni marudio ndani ya fremu yenyewe. Anga la buluu au ukuta mweupe wa ofisi una pikseli nyingi zinazofanana. Badala ya kuandika kila moja, programu hueleza eneo zima kwa maneno machache ya kihesabu. Msingi wa hesabu hiyo ulipendekezwa mwaka 1972 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefundisha vyuo vikuu nchini Marekani, na ulichapishwa mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili, T. Natarajan na K. R. Rao. Picha nyingi zinazotumwa kwa simu duniani hadi leo hutegemea kazi hiyo.

Sehemu ya tatu ni rangi. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga na kivuli kwa undani zaidi kuliko tofauti za rangi. Kwa sababu hiyo, programu hutunza mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huitunza mara moja kwa kila kikundi cha pikseli nne. Hatua hiyo peke yake hupunguza data kwa nusu, na mtazamaji wa kawaida hagundui.

Sehemu ya nne ndiyo yenye hatari. Programu huacha kabisa maelezo madogo inayoona hayatakosekana: mikunjo ya kitambaa, chembe za vumbi, ncha za majani. Kinachoachwa hapa hakirudi tena. Mbano ukiwa wa wastani, jicho halioni pengo. Mbano ukizidi, picha hugawanyika katika vijisanduku, nyuso hulainika kama zilizopakwa nta, na maandishi madogo huyeyuka.

Matumizi ya teknolojia hii si mageni kwa Watanzania. Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa jijini Dar es Salaam, nchi ilianza safari ya kuhamia mfumo wa dijitali. Katika mfumo wa zamani, masafa yaliyotengwa yalibeba chaneli moja. Katika mfumo wa dijitali, masafa hayohayo hubeba chaneli kadhaa, kwa sababu picha hubanwa kabla ya kurushwa. Kinachofanyika katika king'amuzi ndicho kinachofanyika katika simu.

Ubora hupimwa kwa kazi ya video

Neno ubora huchukuliwa mara nyingi kuwa ni wingi wa pikseli. Kwa taarifa ya umma kipimo hicho hakitoshi. Swali la msingi ni moja: baada ya kubanwa, je, mwananchi bado anaona na kusikia jambo lililosababisha video hiyo itengenezwe?

Mbozi inatoa mfano mzuri. Wilaya hiyo inajulikana kwa kilimo cha kahawa aina ya Arabika, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao yake Lyamungu mkoani Kilimanjaro, ina kituo chake kidogo Mbimba, wilayani humo. Miongoni mwa maadui wakubwa wa zao hilo ni magonjwa mawili, chulebuni na kutu ya majani. Chulebuni huonekana kama mabaka meusi yaliyodidimia katika tunda bichi la kahawa. Kutu ya majani huonekana kama unga wa rangi ya njano inayoelekea chungwa, upande wa chini wa jani.

Video ya kumfundisha mkulima kutambua magonjwa hayo inabeba taarifa yake yote katika baka dogo na rangi ya unga. Ikipigwa kwa mbali, kisha ikabanwa kupita kiasi, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyotoweka kwanza. Baka huungana na kivuli, na rangi ya unga huchanganyika na kijani cha jani kwa kuwa rangi hutunzwa kwa undani mdogo kuliko mwanga. Mkulima ataona mtu ameshika jani, lakini hataona anachooneshwa. Anaweza kukosa kutambua ugonjwa mapema, au kununua dawa asiyoihitaji.

Dawa ya tatizo hilo haianzii kwenye kompyuta, inaanzia shambani. Jani lenye kutu likipigwa kwa karibu hadi lijaze fremu, unga wake utaonekana hata katika toleo dogo la 480. Likipigwa kwa mbali, hata toleo la 1080 halitalisaidia.

Hali ni hiyohiyo kwa maandishi. Jedwali la bei au tarehe lililoandikwa kwa herufi ndogo husomeka katika kompyuta ya mhariri, lakini halisomeki katika simu ya mwananchi. Tarakimu 3 na 8, au 1 na 7, zikifanana katika tangazo la malipo, madhara yake ni makubwa kuliko picha mbaya. Inafaa maandishi ndani ya video yawe machache, yawe makubwa, yakae juu ya rangi moja tulivu na yabaki kwa muda wa kutosha kusomwa mara mbili.

Jambo jingine linalosahaulika ni mkalimani wa lugha ya alama. Mara nyingi huwekwa katika kisanduku kidogo pembeni mwa picha. Lugha yake imo katika vidole, mikono na sura ya uso, na vyote hivyo hutembea haraka. Kisanduku kikiwa kidogo na mbano ukiwa mkali, vidole huungana na kuwa kivuli kimoja. Idadi ya fremu ikipunguzwa sana, ishara hukatika katikati. Mtazamaji kiziwi hubaki na picha isiyosema kitu. Ni vyema kisanduku hicho kiwe kikubwa, mkalimani asimame mbele ya rangi moja, na fremu zisipungue 25 kwa sekunde.

Hatua za maandalizi

Maandalizi mazuri huanza kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa. Kamera iliyotulia juu ya stendi hutoa video nyepesi kuliko kamera inayoshikwa mkononi, kwa sababu mkono unapotikisika kila pikseli husogea, na programu hulazimika kuandika upya picha nzima. Mwanga wa kutosha pia hupunguza uzito. Penye giza, kamera huzalisha chengachenga zinazocheza katika kila fremu, na chengachenga hizo hutafuna data bila kubeba taarifa yoyote. Mandhari yenye majani yanayopeperushwa na upepo au umati unaopita huwa nzito kuliko ukuta au kilima kilichotulia.

Baada ya kuhariri, hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala mama katika ubora wa juu. Matoleo yote ya mtandaoni yanapaswa kutengenezwa kutoka katika nakala hiyo, na siyo kutoka katika toleo lililokwisha kubanwa.

Hatua ya pili ni kuchagua mfumo wa kubana, unaoitwa kodeki. Kodeki ya H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, inachezwa na takriban simu na kompyuta zote zinazotumika sasa. Kodeki zilizofuata, zikiwamo H.265 na VP9 za mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018, hutoa ubora unaokaribiana na huo kwa data kidogo zaidi. Hata hivyo, simu isiyo na kifaa maalumu cha kuzifungua huzifungua kwa nguvu ya kichakato chake kikuu, ikapata joto na kumaliza chaji haraka. Kwa tangazo linalokusudiwa kufika kila kijiji, H.264 ndani ya faili la MP4 bado ni chaguo salama. Kodeki mpya zinaweza kuongezwa kama toleo la ziada.

Hatua ya tatu ni kuamua kiwango cha mbano. Programu zisizo na malipo, kama HandBrake na FFmpeg, zina njia ya kuiagiza kompyuta itunze ubora uleule katika video nzima na kutumia data nyingi pale tu inapohitajika. Kwa H.264, kipimo chake huanzia 0 hadi 51: namba ndogo ina maana ya ubora mkubwa na faili kubwa. Kipimo cha kawaida cha FFmpeg ni 23. Kila kinapoongezwa kwa 6, ukubwa wa faili hupungua kwa takriban nusu. Mtayarishaji anaweza kuanzia 23, akatazama matokeo, kisha akapanda hatua moja moja hadi pale alama ya kwanza ya uharibifu inapoonekana katika sehemu muhimu ya picha, na hapo akarudi hatua moja nyuma.

Pale ambapo faili lina ukomo wa ukubwa, hutumika hesabu nyepesi. Megabaiti zinazoruhusiwa huzidishwa kwa 8, kisha hugawanywa kwa idadi ya sekunde. Kwa mfano, megabaiti 16 kwa video ya dakika tatu ni 16 mara 8, yaani megabiti 128. Ukigawanya kwa sekunde 180, hupatikana takriban kilobiti 711 kwa sekunde. Zikitolewa kilobiti 64 za sauti, picha hubakiwa na kilobiti 647. Kiasi hicho kinatosha toleo zuri la 480, lakini hakitoshi toleo safi la 1080. Kulazimisha pikseli nyingi katika data chache hutoa picha mbaya kuliko kukubali pikseli chache zilizo safi.

Hatua ya nne ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu kwa muda, lakini maneno yasiyosikika humfanya aondoke. Kipaza sauti kiwe karibu na msemaji, na kelele za upepo au jenereta ziepukwe wakati wa kurekodi. Sauti ya mazungumzo iliyorekodiwa vizuri hutunzwa kwa kilobiti 48 hadi 64 kwa sekunde bila kupoteza neno. Kwa kuwa sauti ni sehemu ndogo ya faili, kuibana zaidi huokoa kidogo na huharibu sana.

Hatua ya tano ni mpangilio wa faili. Faili la MP4 lina orodha ya yaliyomo, ambayo programu nyingi huiweka mwishoni. Orodha hiyo inapokuwa mwishoni, simu inaweza kulazimika kupakua sehemu kubwa ya faili kabla ya kuonesha picha ya kwanza. Mpangilio wa kuihamishia mwanzoni upo katika HandBrake na FFmpeg, na hauongezi uzito wowote. Kwa hatua hiyo ndogo, video huanza kuonekana mara tu inapofunguliwa.

Hatua ya mwisho ni majaribio. Video isiidhinishwe kwa kutazamwa katika kompyuta ya ofisini yenye mtandao wa kasi. Itazamwe katika simu ya bei nafuu, nje, juani, kwa bando la kawaida, na mtu ambaye hakushiriki kuiandaa aulizwe tarehe, kiasi na mahali palipotajwa. Akijibu sawasawa, ubora umelindwa.

Nakala ya nakala

Changamoto kubwa huanza baada ya video kusambaa. Mitandao ya kijamii hubana upya kila video inayopakiwa. Mtu anapoihifadhi na kuipakia tena kwingine, hubanwa mara nyingine, na kila mara kuna kitu kinachoachwa. Baada ya mizunguko kadhaa, tangazo lililotoka likiwa safi hufika kijijini likiwa na nyuso zisizotambulika na tarakimu zisizosomeka.

Hasara yake ni zaidi ya picha mbaya. Ukungu wa mbano huficha alama ambazo zingemsaidia mwananchi kutofautisha video halisi na iliyoghushiwa: mshono wa picha iliyounganishwa, midomo isiyoendana na sauti, nembo iliyobandikwa. Mwananchi aliyezoea kupokea matangazo halali yakiwa na ukungu hatashtuka atakapopokea la uongo lenye ukungu uleule. Video safi na nyepesi katika tovuti rasmi humpa mahali pa kulinganisha.

Njia bora ya kumfikishia mwenzako tangazo la Serikali ni kumtumia kiungo cha ukurasa rasmi badala ya video yenyewe. Kiungo hakina uzito na hakichakai. Pale ambapo video lazima itumwe kwa WhatsApp, kuituma kama hati badala ya kuituma kama video huifikisha jinsi ilivyo, bila kubanwa upya. Kwa sababu hiyo, inafaa kutuma toleo ambalo tayari ni jepesi.

Mtazamaji naye ana nafasi

Zipo hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua mwenyewe. Katika YouTube na majukwaa mengine makubwa, video huhifadhiwa kwa viwango kadhaa na kukatwa katika vipande vya sekunde chache, na simu huchagua kiwango kulingana na kasi ya mtandao iliyopo. Mtandao unapoimarika, simu hupandisha kiwango bila kumuuliza mwenye bando. Anayetaka kudhibiti matumizi anaweza kufungua mipangilio ya video na kuchagua 360 au 480, kiwango kinachotosha kwa hotuba na maelekezo mengi, na kukipandisha pale tu panapooneshwa kitu kidogo kinachohitaji uangalifu. Kuzima uchezaji wa video unaoanza wenyewe, pamoja na upakuaji wa moja kwa moja wa video katika makundi ya WhatsApp, huokoa data ambayo huisha bila mwenyewe kujua.

Katika ngazi ya kijiji, njia ya kale ya kugawana habari bado ina nafasi. Video moja iliyopakuliwa mara moja, penye mtandao mzuri, inaweza kuoneshwa katika mkutano wa kijiji, katika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika au wakati wa ziara ya afisa ugani, na kuhamishwa kutoka simu hadi simu bila kutumia bando. Faili la megabaiti 12 huhamishwa kwa muda mfupi na huacha nafasi katika simu yenye kumbukumbu ndogo. La megabaiti 382 hufutwa siku hiyohiyo.

Kinachopaswa kuambatana na kila video

Hata video iliyobanwa vizuri haiwezi kubeba wajibu wote. Yupo mwananchi ambaye simu yake haina intaneti, na yupo ambaye siku hiyo hana hata kiasi cha megabaiti 12. Kwa ajili yao, kila video ya taarifa ya umma inapaswa kuambatana na mambo mawili: maandishi mafupi yenye tarehe, viwango, mahali na hatua za kufuata, na faili la sauti peke yake. Maandishi ya ukurasa mmoja yana uzito wa kilobaiti chache, na sauti ya dakika tatu ina uzito wa takriban robo tatu ya megabaiti. Redio za jamii zinaweza kuirusha sauti hiyo, na mtendaji wa kijiji anaweza kuyabandika maandishi hayo ubaoni.

Ukubwa wa faili uandikwe pia kando ya kitufe cha kupakua. Mwananchi anayeona "megabaiti 12" au "megabaiti 24" kabla ya kubonyeza anaamua mwenyewe atumieje fedha yake, kama anavyosoma bei dukani kabla ya kununua.

Mitambo ya mawasiliano itaendelea kuboreshwa na simu zitaendelea kubadilika, lakini hesabu ya msingi haitabadilika: kila megabaiti isiyo ya lazima huzidishwa kwa idadi ya watu wanaofungua tangazo. Megabaiti 10 zilizopunguzwa katika video inayotazamwa na watu 1,000 ni gigabaiti 10 zilizobaki mikononi mwa wananchi. Kazi ya kuzipunguza hufanywa mara moja, na mtu mmoja, kwa dakika chache. Isipofanywa, gharama yake hulipwa na kila mtazamaji, kila anapotazama. Taasisi zinazoandaa video za umma zinahimizwa kuifanya hesabu hiyo kabla ya kuchapisha, na wananchi wanahimizwa kutazama na kusambaza matangazo kutoka katika vyanzo rasmi, ili kinachowafikia kiwe ndicho kilichotolewa.